Nani Alimsikia? Utatuzi wa matatizo ya nukuu zinazozua mabishano

Picha yenyewe ilikuwa ndogo: uso wa mwanasiasa wa kitaifa upande wa kushoto, nembo ya kituo kimoja cha televisheni pembeni, na katikati, ndani ya alama za kunukuu, sentensi moja iliyodai kwamba watu wa Lamu hawana haja ya hatimiliki za ardhi kwa kuwa hawajui kuzitumia. Ilifika katika simu za watu wa mtaa wetu wa Mkomani baina ya Magharibi na Isha, na watu walipotoka msikitini ilikuwa imekwisha kujadiliwa barazani kana kwamba kila aliyeketi pale alihudhuria wakati maneno hayo yalipotamkwa. Nilisikiliza kwa makini, na jambo lililonishughulisha ni kwamba swali lililorudiwa lilikuwa moja tu: "Huyu anaweza kusema maneno kama haya?" Wanaomchukia walisema anaweza, wanaompenda wakasema hawezi, na hakuna aliyeondoka pale akijua zaidi ya alivyojua alipokuja.

Swali hilo halitatui kitu, kwa sababu mtu anaweza kusema mengi ambayo hakuyasema. Swali linalofaa ni lile analofundishwa mapema kila aliyekaa katika darsa za hadithi hapa Lamu: nani kapokea kwa nani, je, walikutana, na je, mpokezi huyo ni mkweli na mwenye hifadhi nzuri? Sikusudii kuyapandisha maneno ya wanasiasa hadi daraja ya hadithi za Mtume. Ninachoazima ni adabu ile ya kutoikubali matini, hata iwe tamu au chungu namna gani, mpaka isnadi yake, yaani mlolongo wa waliopokezana, ijulikane. Nimeupanga mwongozo huu kwa dalili, kwa kuwa mtu hupokea nukuu kabla hajajua kasoro yake, na dalili ndiyo kitu pekee alicho nacho mkononi.

Kabla ya kushughulikia dalili yoyote

Hifadhi nukuu kama ilivyokufikia, bila kuinyoosha tahajia wala kuifasiri, kwa sababu makosa yake ni nyayo za aliyeitengeneza. Andika aliyekutumia na saa uliyoipokea. Ukiona mishale miwili juu ya ujumbe wa WhatsApp, fahamu kwamba umekwisha kutumwa mbele mara tano au zaidi kabla ya kukufikia, na kwa hiyo aliyekutumia, hata awe mjomba wako unayemwamini kwa kila jambo, hapa si shahidi bali ni mchukuzi tu. Usiipeleke katika kundi jingine kwa maneno "Jamani, hii ni kweli?" Nimeona mara nyingi swali likibaki nyuma na picha ikiendelea na safari peke yake.

Dalili: nukuu ina jina la msemaji, lakini haina mahali wala tarehe

Hii ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote. Chanzo chake kinaweza kuwa kimoja kati ya vitatu: maneno yametungwa, au ni msemo wa siku nyingi uliotafutiwa mwenyewe, au ni ya kweli lakini yamekatwa kutoka mahali pake. Njia ya kuvitenganisha ni kuchagua maneno matano au sita yasiyo ya kawaida katika nukuu hiyo, kuyaweka ndani ya alama za kunukuu katika mtambo wa kutafuta, kisha kurudi nyuma mwaka baada ya mwaka mpaka ufike pale yanapoonekana kwa mara ya kwanza. Matokeo ya juu hayana maana hapa. Unalolitafuta ni lile la zamani zaidi.

Ukikuta maneno yaleyale yakiwa na wenyewe wawili, hiyo ni dalili nzito. Wengi wetu tumesikia kwamba Jomo Kenyatta alisema wamishonari walipokuja walikuwa na Biblia na sisi tulikuwa na ardhi, wakatufundisha kuomba macho yakiwa yamefumbwa, na tulipofumbua tukakuta Biblia iko mikononi mwetu na ardhi mikononi mwao. Ukienda Afrika Kusini utaambiwa kwamba msemo huo ni wa Askofu Desmond Tutu. Msemo unaoelea namna hii huandikwa kuwa "unahusishwa na" fulani, na hauandikwi kuwa "alisema" fulani, mpaka mtu alete hotuba au maandishi yenye tarehe.

Zingatia pia kwamba maneno hupenda kuhama kutoka jina dogo kwenda jina kubwa. Kifungu mashuhuri kinachosema kwamba hofu yetu kubwa si kwamba hatutoshi bali kwamba tuna uwezo usio na kipimo husambazwa kuwa ni cha Nelson Mandela katika hotuba ya kuapishwa kwake Pretoria, tarehe 10 Mei 1994. Hotuba hiyo ipo yote, na kifungu hicho hakimo. Kiliandikwa na Marianne Williamson wa Marekani katika kitabu chake cha 1992. Vivyo hivyo, sentensi ya kutetea haki ya mtu kusema hata kama hukubaliani naye, ambayo wasomi wetu huipenda sana, si ya Voltaire, mwanafalsafa Mfaransa aliyefariki 1778. Ni ya Evelyn Beatrice Hall, mwandishi Mwingereza, ambaye katika kitabu alichokitoa 1906 alikuwa akieleza kwa maneno yake mwenyewe msimamo wa Voltaire, na wasomaji wakadhani ananukuu. Kosa la aina hii halina mwongo ndani yake, nalo ndilo gumu kuling'oa.

Dalili: tarehe ipo, lakini haipatani na mambo mengine

Anza na kalenda. Kadi ya nukuu iliyotufikia Mkomani, ile picha ya hatimiliki, iliandikwa siku ya Jumatano pamoja na tarehe, na nilipoitazama kalenda, tarehe hiyo ilikuwa Ijumaa. Jambo hilo peke yake halikutosha kuibatilisha, kwa kuwa hata waandishi wa kweli hukosea, lakini lilitosha kunifanya niache shughuli nyingine na kuendelea kuifuatilia. Baada ya kalenda, uliza msemaji alikuwa wapi siku hiyo, alikuwa na cheo gani, na kama alikuwa hai.

Mfano uliokwisha kuchunguzwa kikamilifu ni ule wa Malkia Marie Antoinette wa Ufaransa, anayedaiwa kusema kwamba ikiwa watu hawana mkate, basi nao wale mkate mtamu wa siagi na mayai. Mwanafalsafa Jean-Jacques Rousseau aliandika kisa hicho katika miaka ya 1760, akimtaja binti mfalme asiye na jina, wakati ambapo Marie Antoinette, aliyezaliwa 1755, alikuwa bado mtoto katika nchi ya Austria. Hakufika Ufaransa mpaka 1770. Tarehe mbili tu zinatosha kumwondolea tuhuma aliyoibeba kwa vizazi vingi.

Karibu na kwetu kuna mfano mwingine. Husambazwa barani Afrika hotuba ndefu ya matusi dhidi ya watu weusi, ikidaiwa kuwa ni ya P. W. Botha, rais wa Afrika Kusini, mwezi Agosti 1985. Botha alitoa hotuba kubwa mjini Durban tarehe 15 Agosti 1985, ile inayojulikana kama hotuba ya Rubicon, na maandishi yake kamili yamehifadhiwa. Matusi hayo hayamo. Yaliyomo ni kukataa kwake mageuzi ambayo dunia iliyangoja, na kushikilia masharti ya kumwachia Mandela. Najua wapo watakaouliza kuna ubaya gani kumzidishia maneno mtu aliyefanya maovu yale. Ubaya ni kwamba mwanafunzi anayesoma hotuba ya bandia hapati kamwe kujua jinsi ubaguzi ulivyozungumza kwa sauti ya upole na ya kisheria, na siku atakapoikuta sauti hiyo hataitambua.

Jambo dogo la saa nalo lisisahaulike. Ripoti ya Kiswahili inayosema "saa mbili usiku" na skrinshoti inayoonyesha 20:00 hazipingani, ilhali skrinshoti inayoonyesha 02:00 kwa tukio hilohilo huenda imetengenezwa na mtu asiyejua tunavyohesabu saa, au imepigwa katika simu iliyowekwa saa za nchi nyingine.

Dalili: kuna nembo ya gazeti au televisheni

Nembo hunakiliwa kwa dakika moja. Usiichunguze picha ukidhani kwamba macho yako yatamaliza kazi. Nenda katika tovuti au ukurasa rasmi wa chombo chenyewe na utafute taarifa hiyo hapo. Chombo kilichotoa kadi ya nukuu kwa kawaida huwa pia na habari kamili inayoiandamia, na iwapo habari haipo, piga simu chumba cha habari. Kisha tafuta asili ya picha ya msemaji kwa Google Lens au TinEye. Ile ya kwetu ilikuwa imepigwa miaka kadhaa nyuma katika mazishi, katika kaunti nyingine kabisa, na mtu aliyekata picha hiyo aliacha ncha ya shada la maua begani kwa mwanasiasa. Niliiona baada ya kuikuza, na tangu hapo nimejizoeza kutazama kingo za picha kabla ya kutazama uso.

Wakati mwingine chimbuko si mwongo bali ni mcheshi. Maneno yaliyovuma 2015 kwamba Robert Mugabe, rais wa Zimbabwe wakati huo, aliwaita Wakenya wezi yalianzia katika tovuti ya kejeli, lakini yalipofika katika magazeti na makundi ya simu yalikuwa yamekwisha kuvuliwa kejeli yake. Ukifika kwenye chimbuko, soma habari nyingine mbili tatu za tovuti hiyohiyo. Kejeli hujitambulisha upesi.

Dalili: sauti au video ipo, lakini ni fupi mno

Hapa ndipo watu wengi makini huteleza, kwa sababu wamekisikia kinywa chenyewe kikisema. Muundo wa lugha yetu humrahisishia kazi mkataji. Msemaji akisema, "Wako wanaosema kwamba watu wa Pwani ni wavivu, na mimi nawaambia waje Matondoni wawaone mafundi wa majahazi," inatosha kuondoa maneno matatu ya mwanzo na sentensi ya mwisho, ukabaki na kiongozi anayewatukana watu wa Pwani kwa sauti yake mwenyewe. Hakuna mtambo wowote wa akili unde uliohitajika. Ni mkasi tu.

Dawa yake ni kuitafuta rekodi kamili na kusikiliza angalau dakika mbili kabla na dakika mbili baada. Hotuba nyingi za hadhara nchini Kenya hurushwa moja kwa moja katika mitandao, na mara nyingi rekodi hubaki katika ukurasa wa kituo au wa mwanasiasa mwenyewe. Ikiwa maneno yanadaiwa kusemwa bungeni, kazi ni nyepesi zaidi: Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala, za Bunge la Taifa na za Seneti zimepangwa kwa tarehe katika tovuti ya Bunge, na mabunge ya kaunti nayo huweka zake. Soma ukurasa mzima, pamoja na aliyezungumza kabla yake, kwa kuwa mbunge hujibu zaidi ya anavyohutubia. Kumbuka tu kwamba Hansadi husafisha kigugumizi na marudio, na kwa hiyo tofauti ndogo baina yake na video si ushahidi wa uzushi.

Kwa sauti iliyotengenezwa na kompyuta, sikiliza pumzi, mwangwi wa mahali, na makelele ya watu. Mkutano wa hadhara usio na hata mtoto mmoja anayelia haujawahi kufanyika. Sauti za bandia mara nyingine hukosea pia matamshi kama ya "ng'" na "dh". Lakini nasisitiza kwamba kutoona kasoro si uthibitisho, kwa kuwa mitambo hiyo inaboreka kila siku. Ujumbe wa sauti usio na mahali, tarehe wala mtu mwingine aliyehudhuria hurudi katika dalili yetu ya kwanza, hata usikike wazi namna gani.

Dalili: maneno yamesemwa kwa lugha moja na kuvuma kwa nyingine

Nukuu iliyopita katika tafsiri ni kama maji yaliyopita katika ndoo ya mtu mwingine: lazima uulize ndoo ilikuwa na nini. Chukua neno "wageni". Kiongozi anayesimama katika Maulidi ya Lamu na kuomba wageni wapewe nafasi ya mbele anazungumzia waalikwa, lakini mfasiri wa Kiingereza ana maneno matatu ya kuchagua, la mwalikwa, la mtu asiyejulikana na la raia wa nchi nyingine, na akichagua vibaya, sentensi ya ukarimu hugeuka ya ubaguzi. Likirudishwa katika Kiswahili na mtu wa tatu, huja kama "wahamiaji", na hapo hakuna tena anayeweza kuyatambua maneno ya mwanzo. Neno "bara" lina hatari hiyohiyo, kwani sisi tukisema "watu wa bara" tunakusudia wa sehemu za ndani za Kenya, ilhali mfasiri wa mbali anaweza kufahamu Afrika nzima.

Linalonitia wasiwasi kuliko yote ni kitenzi "kupiga". Katika kampeni, "tutawapiga asubuhi na mapema" ni ahadi ya kushinda kwa kura, na kila msikilizaji aliye uwanjani anaelewa hivyo. Ikifasiriwa kwa kitenzi cha kipigo, imekuwa uchochezi. Nchi yetu ina sheria ya utangamano na uwiano ya 2008 inayofanya matamshi ya chuki kuwa kosa la jinai, na kwa hiyo tafsiri ya neno moja inaweza kumfikisha mtu mahakamani au kumwokoa asipostahili kuokolewa. Usikubali nukuu yoyote ya namna hii mpaka upate maneno ya lugha ya asili, na ukiyachapisha yachapishe yote mawili, asili na tafsiri.

Dalili: lugha si ya msemaji

Nukuu ya mzee wa Amu iliyoandikwa "sisi tuko na shida ya maji" inapasa kukusimamisha, kwa sababu mzee huyo husema "tuna", na akizungumza kwa Kiamu chake, lahaja ya Lamu, husema "mayi" (maji), "nti" (nchi), "ndia" (njia) na "moya" (moja). Hata hivyo dalili hii ni dhaifu ikisimama peke yake. Waandishi wa magazeti huyasanifisha maneno ya watu kila siku bila nia mbaya, na mzee mwenyewe hubadili lahaja akiona kipaza sauti. Itumie kuamsha shaka, usiitumie kuhukumu.

Dalili: skrinshoti ya akaunti, na unaambiwa "amekwisha kufuta"

Hili ni dai ambalo limetengenezwa ili lisichunguzike. Itazame akaunti herufi kwa herufi, kwani akaunti ya kuiga hutofautiana na ya kweli kwa nukta au tarakimu moja, na usitegemee alama ya buluu ya X, ambayo tangu mwishoni mwa 2022 mtu anaweza kuinunua. Ingiza anwani ya ukurasa katika Wayback Machine, hifadhi ya Internet Archive, uone kama nakala ilichukuliwa. Angalia pia kama kuna watu walioijibu wakati huohuo, kwa kuwa mtu mashuhuri akiandika jambo zito majibu huwa mamia, na katika X majibu hayafutiki pamoja na chapisho. Tazama kama Africa Check au PesaCheck, mashirika ya kuhakiki ukweli wa madai, wamekwisha kulishughulikia, ili usirudie kazi iliyofanywa.

Dalili: mhusika amekana

Kukana ni ushahidi wa mtu mwenye maslahi, kama vile tuhuma za mpinzani wake zilivyo. Viongozi husema "nilinukuliwa vibaya" wanapozushiwa, na husema hivyohivyo wanapojutia ulimi wao. Uliza anakana nini hasa: kwamba hakusema, au kwamba hakukusudia? La pili ni kukiri kwamba alisema.

Jinsi ya kuandika ulichokipata

Usimalize kazi ya siku mbili kwa neno moja la "uongo". Andika kama nukuu imethibitika, au imekatwa, au imefasiriwa vibaya, au inahusishwa tu bila chimbuko, au imebuniwa, na useme umeangalia wapi, ili mwingine aweze kupita njia hiyohiyo na kukusahihisha.

Kadi ya hatimiliki niliiandikia hivi katika kundi la mtaa: "Kadi imebuniwa. Kituo hakikuitoa, siku na tarehe hazipatani, na picha ni ya mazishi ya zamani. Hotuba ya kweli ipo, na anazungumzia hatimiliki kuanzia dakika ya kumi na nne. Kiungo hiki hapa." Kwa maana hotuba ilikuwepo, na ndani yake mwanasiasa yule alisema kwamba kabla ya kutoa hatimiliki serikali iwafundishe wananchi matumizi yake, ili wasiziuze kwa bei ya kutupa. Jioni iliyofuata, barazani, mzee mmoja wa makamo ya babu yangu aliomba simu iwekwe sauti ya juu, tukasikiliza dakika zote ishirini, mara mbili. Alipomaliza alikasirika kuliko siku ya kwanza, akasema kwamba kumfundisha mtu ardhi aliyozaliwa juu yake ni maneno yanayohitaji kujibiwa, akamwita mjukuu wake alete karatasi, na barua aliyoiandikisha usiku ule ilianza kwa tarehe ya hotuba, mahali ilipotolewa na sentensi kamili, neno kwa neno.